Kijani Mpaka Minago

Watu waelewe kitu kimoja kwanza: mimi sikuondolewa kwenye foni kwa uvivu. Niliondolewa kwa sababu ya salamu.

Foni ni ile redio ya kuongelea, yenye antena juu ya paa na batri ya gari chini ya meza. Ukimaliza kusema unasema à vous, yaani zamu yako, ndipo mwenzako anajibu. Miaka ile ya vita, foni ndiyo iliyounganisha ghala letu la mafuta ya mawese, hapa Rumonge, na vituo vyetu vya Minago, Gatete na Nyanza-Lac. Kila asubuhi nilikuwa naviita vituo kimoja kimoja, najua mafuta yamefikia wapi na njia ikoje. Kisha patron wetu, mwenye kampuni, Bwana Swedi, aliyekuwa amehamia Bujumbura na familia yake, ananipigia simu nami namweleza. Akiridhika, lori linaondoka. Na dereva wa lori alikuwa Radjabu, mume wangu. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba nilikuwa napiga soga tu.

Huku kwetu mwambao wa ziwa, mtu hamwagi habari mbaya mlangoni. Unamuuliza hali, anakwambia nzuri. Unamuuliza nyumbani, watoto, mama mzazi, wote hawajambo. Ni mara ya tatu, mkishakaa kimya kidogo, ndipo mwenzako anavuta pumzi na kusema, "Sasa, iko kitu kidogo." Elda, mkuu wa kituo cha Gatete, aliwahi kuja kwangu kwa baiskeli. Tukanywa chai, akamsifia binti yangu Salima, tukacheka. Alipokuwa tayari ameshapanda baiskeli, mguu mmoja bado chini, ndipo akaniambia kwamba upepo umeng'oa paa la kituo na mvua inaingia kwenye mapipa. Sikumlaumu. Angeanzaje na paa kabla ya chai?

Basi akaja Éphraïm na kompyuta yake.

Alikuwa kijana wa hapa hapa, mama yake anakaa Gatete, lakini alikuwa amesomea Bujumbura na wote tulimwita injenyeri. Alitukusanya uani, shati limenyooshwa kwa pasi ya makaa, akatuambia kwamba patron ameamua kampuni iwe na ghala la data.

"Linaingia mapipa mangapi?" Radjabu akauliza.

"Hakuna mapipa, kaka Radjabu. Ni habari tu. Habari zote za kampuni zitakaa pahali pamoja, na kila mutu atajitafutia ripoti yake mwenyewe. Ni libre-service. Unajipakulia. Patron hana lazima ya kumuuliza mutu tena."

Kila mtu akapiga makofi. Mimi sikupiga. Nyumbani kwangu mgeni hajipakulii. Anapakuliwa, tena na mtu anayejua kwamba yeye hali vichwa vya ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Lakini nani alinisikiliza?

Umeme ulikuwa wa kubahatisha, na jenereta lilikunywa mazout, dizeli ya lori, kwa hiyo kompyuta ikaunganishwa kwenye batri ile ile ya foni. Siku ya kwanza tu Éphraïm alinisikiliza nikiongea na Kabwe, mkuu wa kituo cha Minago. Kabwe ni mtu wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, mwimbaji wa kwaya, mwenye adabu mpaka unachoka. Tulikuwa bado kwenye habari za goti la mama yake wakati Éphraïm alipoanza kuutazama mshale wa batri kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

"Mama Salima," akasema, "unisamehe, lakini salamu zinakula batri. Sasa itakuwa swali, jibu, basi."

Akakaa yeye kwenye kiti changu. Mimi nikapelekwa nyuma ya ghala kuosha bidon tupu za mafuta.

Kwenye kioo cha kompyuta alikuwa amechora mwambao wetu, ziwa upande mmoja, na kila kituo kina nukta yake. Swali la hali lilikuwa na majibu matatu tu ya kuchagua. Nzuri ilikuwa kijani, wastani njano, mbaya nyekundu. Asubuhi ya kwanza akaita Minago, akauliza, "Hali?" Kabwe akajibu, "Tunamushukuru Mungu." Jibu hilo halikuwemo. Éphraïm akakuna kichwa, akabonyeza nzuri. Nyanza-Lac wakasema, "Tunasukuma tu." Nzuri. Elda, ambaye paa lake lilikuwa bado halijarudishwa, akasema, "Tuko, ndugu yangu." Nzuri. Kufika saa ya chai mwambao mzima ulikuwa kijani kama shamba la muhogo baada ya mvua.

Nisiseme uongo, ilikuwa inapendeza. Watu wakaja kujipakulia. Bi Mwasiti, anayeuza maandazi langoni, aliomba aonyeshwe wafanyakazi wanakula sana siku gani, na Éphraïm, kwa kuwa alikuwa na roho nzuri, akamfungulia ukurasa wake. Tangu hapo ukitaka maandazi Jumanne unaambiwa, "Ripoti yangu inasema Jumanne hamuna njaa." Radjabu naye alijichapishia karatasi yenye minara ya rangi, kila mnara ni shoferi mmoja na safari zake. Mnara wake ulikuwa mrefu kuliko yote. Akaibandika kwenye mlango wa lori kwa gundi, akawa anaendesha taratibu sokoni ili watu wasome.

Huyo ndiye mume wangu. Kwa maneno yake mwenyewe, hajawahi kuogopa kitu tangu azaliwe. Kuna mwaka kiboko alitoka ziwani akamfukuza kutoka mwaloni mpaka karibu na msikiti, mji mzima ukiangalia. Alipopata pumzi alisema kiboko ni kiboko tu, yeye alikuwa na haraka.

Bwana Swedi akaacha kunipigia simu. Hapo ndipo nilipoumia. Zamani alikuwa akiuliza homa ya Salima, akiuliza mvua, akinicheka, halafu mwishoni anasema, "Enhe, Asiya, sasa niambie." Siku hizi jioni data zilisafiri kwa laini ya simu mpaka Bujumbura, anafungua mashine yake, anajionea kijani, anatoa amri. Hakuna aliyemwambia enhe mtu yeyote.

Asubuhi moja amri ikaja kama zilivyokuja nyingine: Minago kijani, njia kijani, lori lipeleke mapipa Bujumbura. Nikawahi kumfuata Radjabu langoni na chupa ya chai.

"Njia ikoje?" nikamuuliza.

Akaipiga kofi ile karatasi ya mlangoni. "Kijani mpaka Minago, mama. Na kuendelea."

Akaondoka anaimba. Mimi nikarudi kwenye bidon zangu, nimekasirika kama kawaida, na sikuwaza kitu mpaka Bi Mwasiti aliponijia nyuma ya ghala na beseni lake la maandazi, limejaa vilevile alivyolileta.

"Asiya, leo wanawake wa Minago hawakukuja," akasema. "Wa unga, wa ndagala, wa baiskeli. Hata mumoja. Nimekaanga ya nani?"

Mikono yangu ilikuwa kwenye maji ya sabuni. Wanawake wa Minago huja na mvua, huja na mimba, huja siku ya kilio. Nilikimbia mpaka ofisini na povu mkononi.

Éphraïm alikuwa ametulia mbele ya kioo.

"Minago kuna nini?" nikamuuliza.

"Kijani, Mama Salima. Utazame mwenyewe."

"Nani amekwambia ni kijani?"

"Kabwe. Asubuhi hii."

"Amesemaje?"

Akafikiri kidogo. "Amesema... tunamushukuru Mungu."

Nikamwondoa kwenye kiti. Sikumsukuma, kama alivyokuja kusimulia baadaye. Nilikaa tu, naye alikuwa bado kitini. Nikashika kipaza sauti.

"Minago, Minago, hapa Rumonge! Kabwe, njia iko mbaya? À vous."

Foni ikakoroma, kisha sauti ya Kabwe ikaja, ndogo na ya mbali. "Rumonge, hapa Minago. Tunamushukuru Mungu. À vous."

"Kabwe, kuna vita huko? Jibu ndiyo ao hapana! À vous."

"Hakuna shida, madame. À vous."

Madame! Kabwe, aliyeniita Mama Salima tangu Salima yuko tumboni! Nikajua amenuna. Tangu mashine ije hakuna aliyemuuliza goti la mama yake, na sasa mimi, rafiki yake, naingia na kumtupia maswali kama askari wa kizuizi cha barabarani. Nilitaka kumtukana. Nilikuwa nimeshafungua kinywa.

"Mama Salima," Éphraïm akasema nyuma yangu. "Umusalimie."

"Nini?"

"Umusalimie muzuri, kama zamani." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Siku baba yangu amekufa, nilitoka shule, nikafika nyumbani, nikamuuliza mama habari. Akaniambia nzuri. Akanipa maji, akanipa chakula. Nikauliza tena, nzuri. Nimemaliza kula, nikauliza mara ya tatu, ndiyo akaniambia." Akaitazama ile orodha yake ya majibu matatu kwenye kioo. "Mimi nimeweka swali moja tu."

Nikavuta pumzi. Mume wangu yuko njiani, na mimi natakiwa kuuliza habari za mbuzi.

"Kabwe, ndugu yangu," nikasema kwa sauti ya mtu aliyekaa kibarazani. "Amahoro. Hatujaongea siku mingi. Unisamehe. À vous."

"Amahoro, Mama Salima. Hata siye tulikuwa tunajiuliza. À vous."

"Mama yako hajambo? Goti yake? À vous."

"Goti iko afadhali, asante, murakoze. Leo amepiga magoti muda mrefu na halikumuuma. À vous."

"Anaomba? À vous."

"Anaomba sana. À vous."

Éphraïm alikuwa amejishika kichwa. Mshale wa batri ulikuwa umeanza kulala.

"Na bibi yako? Watoto? À vous."

"Wote wazima. Wako hapa hapa na mimi. À vous."

"Hapo kituoni? Leo si siku ya shule? À vous."

"Leo masomo imesimama kidogo. À vous."

"Eee. Na mbuzi? À vous."

"Mbuzi nazo ni zima. Ziko humu ndani. Moja inakula karatasi za facture za mwezi uliopita. À vous."

"Mbona mbuzi ziko ndani, Kabwe? À vous."

"Inje kuna kelele, zinashtuka. À vous."

Huu ndio mlango wenyewe, na ukiuvamia unafungwa tena.

"Pole sana, ndugu yangu," nikasema. "Kelele haipendezi. Na sauti yako nayo nasikia iko chini. Una mafua? À vous."

"Hapana, kifua ni kizuri. Niko chini ya meza. À vous."

Tukatazamana na Éphraïm. Kisha Kabwe akavuta pumzi, niliisikia ikivuma kwenye foni, akasema:

"Sasa, Mama Salima, iko kitu kidogo. Wanapiga bunduki tangu alfajiri, huku barabarani na kule mulimani. Watu wa Minago wamekimbilia kwenye mitumbwi. Siye tumekosa nafasi, mama hawezi kukimbia. À vous."

"Kabwe!" nikapiga kelele, adabu imeniishia. "Radjabu yuko njiani! Lori letu! Umeliona? À vous!"

"Radjabu? Hajambo. Iko hapa. À vous."

"Hapa wapi?"

"Chini ya meza. Alifika asubuhi. À vous."

"Na wakati wote huu hukuniambia?"

"Haukuuliza habari yake, Mama Salima. Umeuliza ya mbuzi. À vous."

Ningecheka, kama si lile neno hajambo. Maana hajambo ya Kabwe nilishaijua thamani yake. Mama yake hajambo, watoto wazima, mbuzi zima, na wote wako chini ya risasi. Hajambo namna gani, basi? Mzima? Ana damu?

Hapo hapo foni ikaanza kufifia. Mshale ulikuwa umefika chini. Kompyuta nayo ilikuwa inaunguruma, taa yake inawaka na kuzima, kwa sababu saa hiyo ndiyo ilikuwa inapanga habari zote za kampuni ghalani kwake. Éphraïm alikuwa ametuonya tangu siku ya kwanza kwamba ikiwa katika kazi hiyo hata nzi asitue kwenye waya, vinginevyo kila kitu kitapotea. Niligeuka tu nikamtazama.

Aliinama, akashika waya wa kompyuta kwa mikono miwili, akaung'oa. Kioo kikawa cheusi, na mwambao wetu wa kijani ukazimika. Akafumba macho kidogo. Foni ikapata nguvu.

"Kabwe, mpe Radjabu," nikasema. "Tafadhali."

Vikasikika vitu vinagongana, mbuzi analia, mtu anamwambia mtu mwingine asogeze mguu.

"Eee," akasema Radjabu. Sauti ile ile ya sokoni.

"Habari, Radjabu?"

"Nzuri! Lori iko nyuma ya kanisa, hata mukwaruzo haina. À vous."

"Habari ya hapo mlipo?"

"Nzuri, nimeshasema. Kelele tu. Usisumbue watu. À vous."

Nyuma yake kitu kililia kama bati linalopigwa msumari, na mama yake Kabwe akaliita jina la Mungu. Nilisogeza kipaza sauti mpaka kikagusa midomo. Sikumuuliza kama mkewe anayetaka kujua. Nilimuuliza polepole, kama vile tumeshakula na kunawa na hakuna anayetusubiri.

"Na wewe mwenyewe, Baba Salima? Habari yako?"

Foni ikavuma peke yake. Nikadhani batri imekwisha.

"Naogopa," akasema. "Sijaumia. Lakini naogopa sana, Asiya. Usikate. Uongee tu."

Alisahau hata kusema à vous. Basi nikaongea. Nilimwambia Salima amechana sare ya shule kwenye ua wa jirani na amedanganya kwamba ni mbwa. Nilimwambia bati la jikoni linavuja pale pale alipolitengeneza. Nilimwambia maandazi ya Bi Mwasiti yamebaki beseni zima na ripoti yake imemwaibisha. Nilimwambia nimenunua samaki, mukeke mkubwa, jambo ambalo halikuwa kweli, ila nilijua nitaununua. Éphraïm alikaa sakafuni na ule waya mapajani, akinisikiliza, mpaka mshale ukalala kabisa na foni ikanyamaza katikati ya neno langu.

Jioni simu ikalia. Alikuwa Bwana Swedi, maana kwenye kioo chake Bujumbura hakukuwa na kitu. Éphraïm akaipokea.

"Hatujambo, patron," nikamsikia anasema. "Mashine? Nzuri tu." Akasikiliza. "Mama yangu? Hajambo, murakoze." Akasikiliza tena. Patron alikuwa mtu wa mwambao kabla hajawa mtu wa kompyuta. Mwisho Éphraïm akavuta pumzi. "Sasa, patron, iko kitu kidogo."

Radjabu alirudi kesho yake, kwa mtumbwi wa wavuvi, pamoja na Kabwe na nyumba yake yote mpaka mbuzi. Mwaloni palikuwa pamejaa watu. Wakamuuliza habari ya safari, akafungua mikono yake miwili na kusema nzuri. Alisema bunduki zilikuwa kidogo na za mbali. Mtu mmoja akamuuliza kama ni kweli alikuwa chini ya meza, akajibu kwamba meza ya Kabwe ilikuwa na mguu mbovu na yeye hawezi kuona kitu kibovu akakiacha. Watu wakacheka. Kabwe akatazama ziwa, kwa adabu.

Nyumbani nilimpakulia mukeke wake. Alikula kimya, jambo geni kwake, akanawa, akakaa ananitazama nikikusanya vyombo.

"Na wewe," akasema, "habari yako?"

"Nzuri," nikasema.

"Habari ya tangu jana?"

"Nzuri, nimesema. Lete sahani."

Nikaishika sahani lakini hakuiachia. Tukawa tumeishika wote wawili, kama watu wanaogombania. Akaniuliza mara ya tatu, taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia sokoni wala kwenye lori. Nikaiacha sahani mkononi mwake, nikakaa chini pale pale mkekani, nikamwambia.